Bakuli Nililoliita Langu

Mwaka 1951, wakati wa Mwingereza, nikiwa na miaka kumi na minane na ndoa ya miaka miwili, ndipo dhiki iliponianza. Mume wangu alikuwa mkata mikoko kule visiwani delta. Boriti ikamwangukia mguuni, wakamvusha kwa mtumbwi, kisha wakambeba kitandani mpaka kwetu Mahege. Shamba hatukuwa tumelima, tulitegemea mikono yake. Mwezi wa pili ulipofika, maghala ya wenzetu yalikuwa yamebakiwa na nafaka kidogo chini. Letu halikuwa na kitu.

Siku hizi vijana wanaalikana, kila mtu aje na chakula chake, wanajiona wamevumbua jambo. Sisi tulikula hivyo kila siku ya Mungu. Jua likishuka wanaume walitandika mkeka barazani kwa baba mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye mkwe wangu, mkubwa wa mtaa. Kila nyumba ilitoa bakuli lake, limefunikwa kawa. Wali, ugali, mihogo, samaki, vyote katikati. Sheria ilikuwa moja: bakuli likishatua mkekani halina mwenyewe. Atakayesema "hiki changu" hupewa birika awanawishe wenzake wote, na kuchekwa atachekwa. Maana yake, aliyetoa wali na aliyetoa mchicha wasijulikane.

Uongo mtupu. Kila mtu alijua. Na sisi wanawake ndio tuliojua zaidi, maana mabakuli yalirudi kwetu, na bakuli lililorudi limejaa halikuhitaji msemaji.

Mume wangu akawa hana cha kutoa, akaacha kwenda. Siku ya kwanza alisingizia mguu. Kwetu mtu akikosekana siku tatu, chakula humfuata: huletewa fungu lake nyumbani, kama mgonjwa au kikongwe asiye na watu. Nilipombana akaniambia, "Wakiniletea chakula humu ndani, mkeka ule sikanyagi tena." Nami nilimjua, neno lake halirudi.

Asubuhi ya siku ya pili nikaingia porini kuchimba ndiga. Ndiga ni kiazi cha mwitu, chakula cha wenye njaa, kina sumu. Unakikata vipande, unakiloweka siku tatu kwenye maji yanayopita, ndipo upike. Miye niliziloweka usiku mmoja tu. Siku ya tatu ndiyo hiyo, ningefanyaje? Nikapika, nikaonja, ulimi ukawasha. Nikajidanganya kwamba nazi itamaliza kazi. Nikaziponda kinuni, nikatia tui zito, zikapendeza kama chakula cha harusi. Bakuli likatangulia barazani, mume wangu akafuata na fimbo yake, akakaa pale pale alipozoea.

Nimerudi uani kuosha kinu, namkuta kuku wa jirani amedonoa makombo. Anakwenda upande upande, anaanguka, anainuka, anaanguka tena.

Mwanamke hakanyagi mkeka wa wanaume wanaokula, sembuse mbele ya mkwe. Nilikimbia kichwa wazi, kanga mkononi. Walikuwa wameshapiga bismillahi, na mkono wa mkwe wangu ulikuwa juu ya bakuli. Nikalinyakua.

"Hili langu. Ni ndiga, hazijakaa majini sawasawa. Msile."

Mume wangu alitazama chini. Nilijua nimemvua nguo: kumbe nyumbani kwake ni ndiga, tena mbichi. Mkwe akainuka taratibu, akaja na birika lake la shaba.

"Umeita lako, mkwe. Nawisha."

Nikawanawisha wote, wanaume kumi na mmoja. Wa mwisho alikuwa mtani wa mume wangu. Akasema tangu azaliwe hajawahi kunawishwa na mtu aliyetaka kumzika. Hapo wakacheka, na mume wangu naye akacheka.

"Wanaoita lao ili wasifiwe nimewaona wengi," mkwe akasema. "Aliyeita lake ili tusife, ndiyo kwanza leo. Kesho mumeo aje na mkono wake tu. Asipokuja, mkeka tunauhamishia kwenu, na wewe utanawisha tena."

Mume wangu akaenda. Akala kila siku mpaka mguu ukapona, na siku aliyopata kambale wake wa kwanza nilipeleka bakuli likarudi jeupe.

Kuku hakufa, alilewa tu hadi asubuhi. Mwenye kuku alinitukana kwanza, kisha akanifundisha kuloweka: siku tatu kamili, na ulimi ukiwasha unarudisha majini, hata mgeni awe mlangoni. Ndiga hizo hizo ndizo nilizoanza kuwapikia madereva wa malori kando ya barabara, Kibiti. Baadaye nikatia chapati, kisha wali na samaki. Shule sikuiona, nilisoma juzuu moja tu ya Kurani chuoni. Lakini hajatokea mtu aliyeumwa tumbo kwa mkono wangu, na atakayebisha aje.

Leo nina nyumba ya bati ya vyumba sita. Minazi arobaini. Mikorosho ishirini na mitatu. Ekari mbili za mpunga bondeni. Mbuzi tisa, mmoja mkorofi. Masufuria makubwa sita. Birika la shaba, mkwe aliniachia mwenyewe. Baraza pana, na mkeka unaotandikwa hapo kila jioni.