Sanduku Lililobaki Likizunguka Dar

Niliapa aibu hii nitazikwa nayo, lakini wifi zangu wameshaitangaza soko zima la Mbinga, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe.

Mume wangu yuko migodini Afrika Kusini, nami nilikuwa nimekwenda kumtembelea. Mwanetu Festo alikuwa abatizwe Jumapili nyumbani, nguruwe wa mama mkwe keshafungwa, nami Jumamosi natoka Johannesburg, nabadili ndege Dar, nashukia Songea. Mume (mtaalamu wa ndege, kazipanda mara mbili) akaniambia, "Mzigo usiuguse, mama Festo, ni kama basi tu, ukishampa utingo unauona mwisho wa safari." Nikaona kweli, mbona tukibadili gari Songea utingo huhamisha mwenyewe.

Basi uhamiaji wakanigongea muhuri, mtoto mgongoni, nikapita kwa maringo huku nikiwahurumia washamba wanaogombania masanduku kwenye mkanda, hadi kaunta ya ndege ya Songea.

"Mzigo wako, dada?"

"Unakuja."

"Unakuja na nani? Ukitoka nje ya nchi mzigo unauchukua mwenyewe hapa Dar, unaupitisha forodha."

Ningelitelekeza sanduku, ila gauni la ubatizo lilikuwa mle. Nikarudi mbio. Askari mlangoni akasema ukishatoka umetoka, nikalia, Festo akalia kunishinda, akatupisha. Sanduku lilikuwa linazunguka peke yake kama mlevi, na afisa wa forodha (kijana mpole, Mungu amzidishie) akalifungua mbele ya umati na kuinua sidiria ambayo ingebeba mapacha.

"Hii yako?"

"Ya mama mkwe, kaniagiza."

"Na zote hizi? Unafanya biashara?"

Nyuma yangu mtu akakohoa. Nani kama si paroko wetu, kumbe tulikuja ndege moja. "Tumsifu Yesu Kristo, mama Festo," akasema akitazama dari. Yeye sanduku lake alikuwa nalo mkononi, akaiwahi ndege ya Songea. Mimi nikapanda basi kesho yake.

Nilifika Mbinga Jumatatu. Nguruwe hakuwa amenisubiri, wageni walikuwa wanachokonoa meno, ubatizo umesogezwa hadi Pasaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sidiria zangu ziko wapi?"

Pasaka gauni lilikuwa limeshambana Festo, tukamfunika nalo kifuani kama kitambaa cha meza. Baba yake kaandika barua kuuliza kama mzigo ulifika salama. Sijamjibu. Safari nyingine sanduku nitalikalia, na huyo mtaalamu atakuja kubeba mwenyewe, mtoto na sidiria za mama yake.