Mama Mkwe Amesema Asome

Nilirudi kusoma mwaka ambao binti yangu mkubwa alikuwa anamaliza la saba. Niliolewa baada ya kufeli kidato cha nne, na Kiingereza ndicho kilichoniangusha. Sasa nilijiandikisha kurudia mtihani, nikawa nasoma masomo ya jioni hapa hapa mtaani kwetu Kikuyu.

Siku moja mwalimu wetu, dada mdogo kuliko mimi, aliandika ubaoni: "The doctor insists that she rest." Nikanyoosha mkono.

"Madam, umesahau s kwenye rest."

"Sijasahau. Hapo kitenzi hakitoi habari, wala hakimwamuru mtu. Kinasema kile daktari anachotaka. Ndiyo maana s haipo."

Habari nilielewa, amri nilielewa. Hii ya tatu ilinipita. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikabandika maji ya ugali.

Simu ya mume wangu ikaita. Alikuwa kaka yake wa Chemba, na mume wangu akaiweka spika ili mama yao naye asikie. Alizeti ilikuwa imekauka shambani.

"Shemeji aje atusaidie kuvuna," alisema. "Masomo yatamsubiri."

Mama mkwe, aliyekuwa anabangua karanga, akaisogelea simu.

"Mimi nimesema asome. Wewe mwambie mkeo avune."

Mkono wangu ukasimama na mwiko. Asome. Hakusema anasoma, maana muda ule nilikuwa nasonga ugali. Hakusema soma, maana hakuwa anazungumza na mimi. Alisema anachotaka kiwe, na mwisho wa kitenzi a ikageuka e. Sisi tunageuza herufi, Waingereza wanaidondosha s yao. Kumbe kitu hicho nilikuwa nakisema kila siku tangu utotoni!

"Ugali unaungua," mume wangu akasema.

Kipindi kilichofuata tuliambiwa kila mtu atunge sentensi. Nikaandika: "My mother-in-law insists that his wife harvest the sunflowers." Madam akaisoma mara mbili.

"Sahihi kabisa. Lakini mke wa nani huyu?"

Nikawasimulia. Darasa zima likacheka, na dereva wa bodaboda aliyekaa nyuma yangu akaniomba nimweleze tena polepole, kwa Kiswahili. Nilimweleza. Akaitikia kwa kichwa, akaandika sentensi yake, nayo haikuwa na s. Nilifurahi kama mtihani wenyewe nimeshaufaulu.

Matokeo yalipotoka nilikuwa na C ya Kiingereza. Nimeomba chuo cha ualimu, na majina ya waliochaguliwa bado hayajatangazwa. Binti yangu sasa yuko kidato cha pili. Juzi alikuja jikoni na daftari lake, akaniuliza kwa nini waandike "I wish I were" wakati I ni mtu mmoja tu.

Nikapunguza moto, nikavuta kigoda.