Somo Nililolipiga Mstari Mwekundu

Mwanangu msomaji, katika siku zote nilizotumikia ofisini ipo Jumanne moja isiyonitoka akilini, na ninaiandika leo wakati kumbukumbu bado inanitii. Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya themanini na sita. Mabati ya shule nyingi za Kampala yalikuwa na matundu ya risasi, na mvua iliponyesha walimu waliwasogeza watoto kutoka upande mmoja wa darasa hadi mwingine bila kukatiza somo. Mimi nilikuwa mkaguzi msaidizi wa shule za msingi, kijana mwenye suti moja ya kijivu na kalamu mbili: ya bluu ya kuandikia, na nyekundu ya kukosoa. Ile nyekundu niliipenda zaidi.

Asubuhi hiyo nilikwenda kukagua shule moja iliyo mteremkoni Makindye. Jina lake sitalitaja. Ndiko alikosoma binti yangu, wakati huo akiwa darasa la pili, na kwa mujibu wa kanuni nilipaswa kumwachia mwenzangu kazi hiyo. Sikumwachia. Naliweka hili wazi mapema ili kumbukumbu ziwe sawa. Vilevile nimemwomba binti yangu ruhusa kabla ya kuandika. Amekubali kwa sharti kwamba jina lake nisiliandike, nami sharti hilo naliheshimu.

Mwalimu wa darasa la pili alikuwa Mwalimu Perusi, mjane wa askari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha gwaride. Ualimu aliusomea katika chuo cha Kyambogo, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, nami niliyezaliwa katika kota za polisi nilijisikia nyumbani kila alipofungua kinywa. Kila Jumatatu, kabla ya masomo, aliwapanga watoto mstarini akawakagua kucha, masikio, meno na magoti. Ungewaona asubuhi hizo, mwanangu, magoti yaking'aa kwa mafuta ya mgando, vikombe vya plastiki vya uji vikining'inia kwenye mifuko, na harufu ya sabuni ya mche ikitangulia mbele ya mstari wote. Shule haikuwa na vioo madirishani, lakini watoto wake walikuwa safi kuliko ofisi yangu.

Nilipofungua azimio lake la kazi, nikakuta kwamba chini ya somo la usafi wa mwili ameongeza mistari miwili kwa mkono wake. Wa kwanza ulisema: "Mwili wangu ni wangu. Majina ya viungo vyote, na sehemu ambazo mtu haruhusiwi kugusa." Pembeni palikuwa na alama ya vema, kuonyesha kwamba somo hilo lilikwisha kufundishwa jana yake. Mstari wa pili, wa wiki iliyofuata, ulisema: "Mtu akinigusa vibaya, nimwambie nani."

Uso uliniwaka moto. Mimi nililelewa katika desturi ambayo mambo ya mwili wa binti huzungumzwa na senga, yaani dada wa baba, tena faraghani, tena msichana akishakomaa. Mama yangu aliponifundisha majina ya viungo akiniogesha, alikwenda vizuri kutoka kichwani hadi tumboni, kisha akaruka hadi magotini kana kwamba hapo katikati hapakuwa na kitu. Niliona ndivyo inavyopaswa. Nikachomoa kalamu nyekundu nikaipitisha juu ya mistari yote miwili. Katika kitabu cha ukaguzi, kinachokaa kwa mwalimu mkuu, nikaandika: "Mambo haya ni ya senga, si ya shule. Yaondolewe mara moja." Nikatia saini, nikagonga muhuri.

Mwalimu Perusi aliyasoma maandishi yangu polepole, kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Ssebo," akaniambia, yaani bwana, "senga ya hawa watoto iko wapi? Vita ilichukua moja, silimu ikachukua mwingine. Mimi nafundisha mutoto kuosha masikio, halafu nanyamaza juu ya mwili yote ile ingine?"

Nilimjibu kwamba mtaala ni mtaala. Redioni kila siku ilipigwa ngoma ya kutuonya juu ya silimu hiyo, yaani ukimwi, ugonjwa uliotumalizia ndugu, nasi tulizima redio ili watoto wasiulize maswali. Dada yangu pekee, ambaye ndiye angekuwa senga wa binti yangu, tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Nakuapia, mwanangu, jambo hilo halikunijia kabisa nilipokuwa nagonga ule muhuri.

Wiki kadhaa zikapita. Jumapili moja alasiri, mke wangu akiwa kwenye kikao cha akina mama kanisani, alinitembelea jirani yetu, karani wa ofisini kwetu. Jina lake pia silitaji, kwa kuwa ana watoto ambao hawakutenda kosa lolote. Alikuwa mtu wa mizaha, aliyependwa na mtaa mzima, na hakuja mikono mitupu. Siku hiyo alileta kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, vikiwa bado vya moto katika gazeti. Nikamwita binti yangu aje apige magoti amsalimu mgeni, kama alivyofanya kila siku tangu alipojua kutembea.

Hakuja. Alisimama karibu na pazia la mlango akitazama vidole vya miguu yake. Nikamwambia mara ya pili. Akabaki vilevile.

"Mwache, ssebo," jirani akacheka. "Hawa wa siku hizi wamesoma sana. Kesho utasikia sisi ndio tunapigishwa magoti."

Nilicheka naye, lakini aibu ilinichoma. Mkaguzi wa shule, na mtoto wake hana adabu! Nikamtoa nje, nikampigisha magoti juu ya changarawe ya uani, nikamwamuru akae hapo hadi mgeni amalize chai. Yule bwana alikunywa vikombe viwili. Binti yangu hakulia. Nilidhani ni ukaidi.

Siku iliyofuata tarishi wa shule alikuja ofisini na kikaratasi cha mwalimu mkuu: nifike bila kuchelewa. Nilifika nikiwa nimejiandaa kusikiliza malalamiko ya chaki. Mwalimu mkuu alinionyesha kiti, akatoka, akatuacha mimi na Mwalimu Perusi, naye alikuwa na kile kitabu cha ukaguzi mbele yake.

Alinieleza bila kupandisha sauti. Asubuhi ile, katika ukaguzi wa usafi, alikuwa ameona alama za changarawe kwenye magoti ya mtoto wangu. Alimtoa mstarini, akachuchumaa, akamuuliza. Ndipo mtoto alipomwambia kwamba majuma mawili nyuma yule jirani alimwita akachukue kabalagala chumbani kwake, akafunga mlango, akataka kumgusa mahali pasipostahili, akamwambia hiyo itakuwa siri yao wawili. Mtoto alisema hapana, akapiga kelele. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo uani akauliza kuna nini, mlango ukafunguliwa, mtoto akakimbia. Alikimbia akiwa mzima, Mungu ashukuriwe. Lakini kwa majuma mawili hakumwambia mtu, na jirani yuleyule ndiye niliyetaka ampigie magoti.

Niliuliza swali ambalo kila baba angeuliza: kwa nini hakuniambia mimi?

"Kukataa alijua," Mwalimu Perusi akasema. "Hiyo nilifundisha. Kusema kwa nani, hiyo wewe ulipiga laini."

Akakigeuza kitabu kunielekea. "Soma, ssebo. Soma kwa sauti."

Nikasoma. Mambo haya ni ya senga, si ya shule. Yaondolewe mara moja. Nikaushika ukurasa ule nikitaka kuung'oa, nao ungeng'oka kirahisi, kwa sababu vitabu vya miaka ile vilifungwa kwa uzi dhaifu. Mwalimu Perusi akaweka kiganja chake juu yake.

"Usipasue," akasema. "Andika chini."

Nikaandika kwa wino wa bluu: "Agizo la hapo juu limetenguliwa. Somo lifundishwe lote. Mkaguzi alikosea." Muhuri nilikuwa nimeuacha ofisini, na maneno yale yalisimama bila muhuri.

Kengele ya mapumziko ikalia. Binti yangu alitoka na kikombe chake cha uji, akaniona, akasimama. Sikujua namna nyingine ya kumfikia. Nikapiga magoti pale pale mbele ya darasa, juu ya kokoto, nikiwa na suti yangu moja. Yeye alinitazama kwa wasiwasi, kwa kuwa alijua kupiga magoti kwa namna ile ni adhabu.

"Taata," akauliza, "umekosa nini?"

Nikamwambia. Sikumpunguzia hata neno moja.

Jioni hiyohiyo nilipeleka habari kwenye kamati ya mtaa na polisi, kwa maandishi, nakala tatu. Wapo wakubwa walionishauri niliache jambo hilo limalizwe kiungwana, nisimharibie mtu kazi yake. Nilikataa. Hata hivyo yule bwana alihamishiwa wilaya nyingine kabla faili halijafika popote, na hilo linanikera hadi leo nikiwa na mvi kichwa kizima. Nakala yangu ninayo.

Mwalimu Perusi alilifundisha somo lile hadi alipostaafu. Nilihudhuria moja ya vipindi hivyo, nikiwa nimekaa nyuma kwenye kiti cha mtoto. Hapakuwa na neno hata moja la kuonea haya. Alitaja viungo vyote kwa sauti ileile aliyotumia kutaja kiwiko na kisigino. Aliwaambia kwamba sehemu zinazofunikwa na nguo ya ndani haziguswi na mtu, ila mzazi akimwogesha aliye mdogo, au daktari akimtibu mtoto na mzazi yupo. Kisha kila mtoto alihesabu kwa vidole watu watatu wa kuwaambia. Na akiambiwa na wa kwanza kwamba anasema uongo, aende kwa wa pili. Mambo ya wakubwa hakuyagusa. Alisema yana darasa lake na umri wake. Kipindi kiliisha kwa wimbo, wakaenda kunywa uji.

Kwa nini nakuandikia haya leo? Kwa sababu mwezi uliopita nilikaa katika mkutano wa wazazi shuleni kwa mjukuu wangu, nikamsikia baba mmoja kijana, mwenye suti nzuri kuliko yangu, akidai somo kama lile liondolewe kwa kuwa linawapotosha watoto. Wengi wakampigia makofi. Hasira ilinipanda, kisha nikaona haya, maana maneno yalikuwa yangu. Nilisimama nikawasimulia nilichokusimulia wewe. Baadhi walininung'unikia, na baba yule akaketi akitazama viatu vyake. Somo limebaki.

Mwanangu, wewe uliye mwalimu leo, au utakayekuwa mzazi kesho, yashike haya. Mfundishe mtoto jina la kila sehemu ya mwili wake, ili siku akihitaji kusema awe na neno la kusemea. Usimfundishe kukataa ukaishia hapo. Mfundishe pia mahali pa kwenda, na wewe uwe mmoja wa mahali hapo. Mwache aendelee kupiga magoti kwa wakubwa kama desturi yetu ilivyo, kwani ni desturi nzuri nami naipenda. Lakini siku atakapokataa kumsalimu mtu, muulize kwanza kabla hujamwadhibu, tena mkiwa wawili tu. Na kama ulikwisha kukosea, usiung'oe ukurasa. Andika chini yake, utie saini.

Mwenyezi Mungu akujalie nyumba ambayo mtoto husema na akasikilizwa. Akupe walimu wasioniogopa mimi na wenzangu. Na siku itakapokubidi kupiga magoti mbele ya aliye mdogo kwako, akupe wepesi wa kuinama, nawe uinuke ukiwa umesamehewa, kama nilivyoinuliwa mimi na mkono mdogo uliokuwa bado unanata uji.