Kiatu cha Mkunga

Mke wangu tumemzika mwezi uliopita. Msibani watu walisema mema: mpole, mchapakazi, mwenye mkono wazi. Kweli tupu. Lakini hakuna aliyetaja alivyokuwa akivisemesha viatu. Wenzake wa utotoni wote wametangulia, nimebaki mimi. Basi nasema mimi.

Baba yake alikuwa fundi viatu, jirani yetu. Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na kasha la viatu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Watoto wengine walikuwa na vikaragosi vya vitambaa. Yeye alikuwa na viatu. Kiatu kilichoachia soli mbele kina mdomo, au sivyo? Alitia mkono ndani, kidole gumba kwenye soli, kikaanza kusema. Macho alishona vifungo vya shati. Buti lilikuwa askari mwenye mafua. Ndala, kwa kuwa haina pa kufumukia, ilikuwa bubu. Ilijibu kwa kujipigapiga chini.

Hata uzeeni aliniamsha kwa sauti ya askari yule. Siku hizi naamka mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kushika shuka, yeye ajifiche nyuma yake. Nikilegea ananifinya mguu. "Inua, wewe! Askari anaonekana kiwiko!"

Baba mtu alikataza kitu kimoja tu: viatu vya rafuni, vya wateja. "Nikikukuta na kimoja, kasha lote nalitia moto." Na hakuwa mtu wa utani.

Siku hiyo rafuni palikuwa na kiatu cheusi cha mkunga. Kilikuwa kimeachama vizuri mno, na fundi alikuwa amekipaka gundi. Gundi haijashika, binti akakibandua. Aliniambia baadaye kwamba alikionea huruma, kinazibwa kabla hakijasema neno.

Watoto wa mtaa walikuwa wamekaa chini. Kiatu kikachomoza juu ya shuka, mdomo wazi.

"Sukuma, mama, sukuma! Unadhani mimi sina kwangu? Sukuma, chungu changu kinaungua!"

Tulicheka hadi machozi. Halafu kicheko kikakatika nyuma, kikaja kukatika mbele. Mkunga mwenyewe alikuwa amesimama pale, mguu mmoja kiatu, mwingine ndala ya kuazima. Alikuwa amefuata kiatu chake, na fundi amekitafuta rafuni amekikosa.

Fundi alikuwa nyuma yake. Akaenda moja kwa moja kwenye kasha, akatoa kiberiti. Nikaangusha shuka. Binti alikuwa amechuchumaa, kiatu mkononi, hata kulia hawezi.

"Fundi," mkunga akaita. "Kiatu hicho cha nani?"

"Chako, dada."

"Basi mwenye kiatu hajamaliza kusikiliza." Akakaa chini katikati ya watoto. "Endelea, mwanangu. Ila mimi sina chungu kinachoungua. Mimi huwaambia, 'Sukuma! Kwani wakati mnaitafuta mliniita?'"

Fundi akakohoa. Sisi hatukuelewa, lakini tulicheka. Kiberiti kikarudi mfukoni.

Mchezo ulipokwisha fundi alikichukua kiatu, akatoa sindano nene na uzi wa nta. Gundi hakuiamini tena. Binti akamshika shati.

"Baba, ukishona hakitasema tena."

"Ndiyo kazi niliyopewa."

"Basi kiage kwanza."

Fundi akamtazama mkunga, akatutazama sisi. Sijawahi kuona mtu mzima amebanwa vile. Akatia mkono wake mkubwa ndani ya kiatu, ukaingia nusu. Akatoa sauti nyembamba, kama mlango unaotaka mafuta:

"Haya, watoto. Kwaherini."

"Kwaheri, mkunga!" tukaitikia sote.

Akaanza kushona, na binti akaketi ubavuni pake, akimshikia uzi.