Mguu wa Kushoto wa Mama

Zamani zile za Mwingereza, nyumbani kwetu milimani Ileje, Mama hakuwa na saa wala kalenda. Alikuwa na mwili wake. Jicho likimcheza juu, aliongeza unga wa ugali, maana mgeni yuko njiani. Akijikwaa mguu wa kushoto akielekea sokoni Isongole, aligeuza papo hapo, na ndizi zake zikaivia ndani; akijikwaa wa kulia aliendelea, maana huo ni heri. Baba alinung'unika weee, mwisho akachoka.

Nilikuwa na umri wa kama miaka mitano homa iliponilaza. Nakumbuka ukungu ukiingia mlangoni bila hodi, na vilima vikielea, vinakuja, vinaondoka. Nilijisikia mwepesi, tena vizuri ajabu. Ndipo Mama alipoacha kukoroga uji, akashika titi nililoachishwa zamani.

"Limenichoma," akasema. "Huyu mtoto ananiponyoka."

Akanifunga mgongoni kwa kaniki twende zahanati ya misheni, ng'ambo ya mlima. Hata uani hatujatoka, pu! Akajikwaa kwenye jiwe. Kushoto.

Shangazi yangu, dada yake Baba, alikuwa akipeta ulezi. Ungo ukasimama.

"Wifi, rudi ndani. Utakuja kumzika njiani!"

Shavu langu lilikuwa mgongoni pake, nikasikia moyo wake ukidunda kama mchi kinuni. Mwili uleule ulimwambia nenda, ukamwambia rudi. Aliogopa, maskini.

Kisha akalirudia lile jiwe, akalipiga teke kwa mguu wa kulia, kwa nguvu zake zote. Ukucha ukang'oka.

"Haya, na wa kulia umejikwaa. Tunakwenda."

"We mwanamke, mguu haudanganywi!"

"Basi kanishtaki," Mama akajibu bila kugeuka.

Njia nzima nililala na kuamka, migomba ikitupita kwenye ukungu. Mama alikuwa akichechemea, mimi nikadhani ananibembeleza. Zahanatini nikachomwa sindano, na mganga akamwambia kwamba angengoja hadi jioni, angerudi nyumbani na maiti.

Miaka ikapita. Siku moja, nami nikiwa na mwanangu mgongoni, nikamtania: "Mama, na ule wa kulia ungekataa je?"

Hakucheka hata kidogo.

"Ningekwenda kwa magoti."