Sindano ya Pili ya Ardell

Kwa miaka thelathini na moja Ardell Tveit aliwapikia watoto wa shule pale Nordvik, na watu wangekuambia mengi juu yake: kwamba ni mchoyo wa maneno, kwamba viazi vyake havijawahi kuungua, kwamba huendesha gari kama anayesindikiza maiti. Uongo hakuna aliyewahi kumtajia. Ndiyo maana ule mmoja alioutoa Oktoba ile, ambao haukufika hata sentensi nzima, ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ulianzia dukani. Nordvik haina duka la dawa la peke yake. Mfamasia kapewa meza na viti viwili ndani ya duka la vyakula, kati ya mikate na friji za maziwa, na ukichomwa sindano pale mji mzima unakuona bega. Ijumaa hiyo mfamasia, binti mpole aitwaye Pahoua, alimwekea Ardell karatasi mbili mezani.

"Ya mafua na ya korona, Bi Ardell. Tunachoma zote leo?"

"Zote kwa mpigo?"

"Wengi wanafanya hivyo, na mwili unazimudu. Labda mkono utauma na utasikia uchovu, siku moja mbili. Ukitaka kuzitenganisha pia sawa. Tabu yake ni moja tu, watu wakishatoka mlango ule hawarudi."

"Mimi nitarudi."

"Kila mtu anasema hivyo," Pahoua akacheka.

Ardell aliutazama mkono wake wa kulia kama seremala anavyotazama randa yake. Jumatatu ilikuwa siku ya lefse.

Kila mwaka, Oktoba, kanisa lao la Kilutheri hufanya karamu ya samaki aliyelowekwa magadi, na samaki huyo haliwi bila lefse. Ni kama chapati, ila ya viazi, na nyembamba hivi kwamba ukiiinua dirishani unamwona jirani anayepita barabarani. Wanawake kumi na wawili hushuka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa siku tatu mfululizo. Kuna wa kuponda, kuna wa kukanda, kuna wa kugeuza juu ya chuma cha moto. Wa kusukuma ni wachache, na ile meza ya dirishani, ambayo kila aingiaye huitazama kwanza, ni ya Ardell tangu mama yake afariki. Miaka miwili nyuma alichomwa zote mbili pamoja, akalala na homa siku moja na nusu, na LaVonne Brekke akasukuma mahali pake. Siku ya karamu mchungaji alitafuna, akaitazama, akatafuna tena, akasema, "Naam. Lefse ya mwaka huu ni tofauti." Kwa watu wa huku hakuna tusi zito kuliko hilo linaloruhusiwa kanisani.

"Choma ya mafua," Ardell akasema. "Hiyo nyingine nitaifuata Alhamisi."

Kama angekuwa anaishi peke yake, hadithi ingeishia hapo na hakuna ambaye angeikumbuka. Lakini tangu theluji ya mwisho ilipoyeyuka alikuwa akiishi na kaka yake. Orlin alikuwa mgane wa miaka sabini na minane, na madaktari walikuwa wamemkuta na saratani ya damu. Tarehe nne Novemba angeanza kutiwa dawa mshipani kwa mpira, dawa inayouangusha ugonjwa na kuwaangusha pia walinzi wa mwili. Yeye mwenyewe alishachanjwa hospitalini. Muuguzi akaongeza kwamba anayelala nyumba moja naye awe amepata chanjo zote mbili, na wiki mbili ziwe zimepita kabla ya siku hiyo. Njiani kurudi nyumbani Ardell alihesabu. Kutoka Alhamisi ile mpaka tarehe nne zilikuwa siku kumi na mbili. Akajiambia siku mbili si kitu.

Alimkuta Orlin mezani na fumbo lake la gazeti.

"Umechomwa?"

"Nimechomwa."

"Zote?"

Ardell alikuwa amempa mgongo, anapanga maziwa. "Mm," akasema.

"Mkono hauumi?"

"Kidogo tu."

Ni hayo tu. Angeweza kugeuka, akasema, kaka, moja leo, moja Alhamisi. Lakini angegeuka angeulizwa kwa nini, na jibu la kwa nini lilikuwa chapati.

Siku tatu za lefse zilikuwa tamu kuliko alivyostahili. Mkono ulimtii. Unga ulipaa, chuma kikanukia vizuri, wanawake wakasengenya taratibu, na alipoinua duara la kwanza dirishani LaVonne mwenyewe alikiri, "Mh. Si mbaya." Huku hiyo ndiyo sifa yetu ya juu.

Alhamisi kulikuwa na meza za kupanga ukumbini. Ijumaa kulikuwa na samaki wa kusuuza magadi. Jumamosi ikawa karamu, watu mia tatu, zamu nne za kula, siagi ikitiririka. Orlin alikaa karibu na mlango palipo na hewa, na rafiki yake Milo Sather kushoto, na LaVonne mbele yake. Ardell alipopita na sahani ya lefse, kaka yake akamshika aproni.

Sasa, Orlin si msemaji. Mkewe alisifiwa naye mara moja, siku ya mazishi. Lakini ugonjwa hulegeza kifundo hiki na kile.

"Mnamwona huyu?" alisema kwa sauti ya kufika meza ya tatu. "Kachomwa zote mbili Ijumaa ile, kwa ajili yangu. Mwaka ule zilimlaza chali. Safari hii Jumatatu alikuwa kasimama anasukuma. Huyu ndiye dada."

"Zote mbili, shoga?" LaVonne akadakia. "Na siku tatu zote hukuguna hata mara moja! Mimi nikichomwa moja tu mume wangu anahama nyumba."

"Wanawake wa kina Tveit," Milo akasema huku mdomo umejaa, "ni chuma kitupu, ukiwagonga wanalia kama reli."

"Sikufanya kitu," Ardell akasema.

"Msikieni!"

"Nasema kweli. Sikufanya kitu chochote."

"Msikieni tena, hana hata chembe ya majivuno," akasema LaVonne, na meza mbili zikaitikia kwa vichwa.

Ndivyo tulivyolelewa. Ukisifiwa unakataa, ukisifiwa tena unakataa tena, na anayekataa sana ndiye anayesadikiwa sana. Ardell alikuwa ametoa ukweli mtupu mbele ya mashahidi thelathini, na hakuna hata mmoja aliyeusikia. Alirudi jikoni akaosha sufuria iliyokwisha oshwa.

Jumatatu alikwenda dukani asubuhi na mapema. Alifika kwenye mikate, akaona kwenye kiti kimoja cha Pahoua ameketi LaVonne, mkono wa blauzi umekunjwa, macho kwenye dari, anasali. Ardell angekaa kiti cha pili angesema nini? Alisukuma kigari chake mpaka mwisho wa duka, akachukua siagi, akalipa, akaondoka. Friji yake ilikuwa na siagi ya kutosha mpaka Krismasi.

Kulikuwa na mfamasia mwingine mji wa jirani, mwendo wa dakika arobaini. Jumatano alimwambia Orlin kwamba angekwenda kununua uzi, kisha akasema barabara ina barafu. Haikuwa na barafu. Alisimama dirishani akiitazama barabara kavu, jua likiipiga, magari yakipita kwa kasi, na akahisi kwamba hata barabara imesingiziwa.

Usiku na mchana alianza kumkwepa kaka yake ndani ya nyumba ya vyumba vinne. Alikula amesimama. Alifungua madirisha na baridi ile. Orlin akikohoa, hata kwa kupaliwa na kahawa, Ardell alirudi nyuma hatua moja.

"Una nini wewe?" Orlin akamuuliza. "Unanizunguka kama paka anayezunguka beseni la maji."

"Nasafisha."

"Kaa chini, mdogo wangu. Utaniua kwa usafi kabla ya ugonjwa."

Alikaa, kiti cha mbali.

Jumatatu tarehe tatu, siku moja kabla ya dawa, simu ililia. Alikuwa muuguzi, Bi Renske, anahakiki mambo ya mwisho. Orlin haoni vizuri vitufe, kwa hiyo simu hukaa mezani kwenye spika daima, sauti ikisikika nyumba nzima. Homa? Hana. Vidonge? Amemeza. Wa nyumbani wamechanjwa?

"Dada yangu yuko hapahapa," Orlin akasema, na sauti yake ilikuwa na fahari ileile ya karamuni. "Muulize mwenyewe. Mwambie, Ardell. Ilikuwa tarehe kumi na saba, siyo?"

"Bi Ardell, habari yako. Zote mbili tarehe kumi na saba?"

Alikuwa na kikombe mkononi. Angesema ndiyo, neno moja, na alilisikia likiwa tayari limepanda mdomoni, jepesi, linajua njia. Akamtazama kaka yake. Orlin alikuwa anatabasamu kwenye simu kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu.

"Moja," akasema Ardell. "Ya mafua. Ya korona sijachoma."

Muuguzi akasema bila kubadilisha sauti: "Sawa. Asante kwa kuniambia leo na si wiki ijayo. Dawa hatuahirishi. Wewe nenda ukachomwe leo. Orlin, una mahali pengine pa kulala wiki mbili hizi? Itakuwa salama zaidi. Chanjo haizuii kila kitu, na huenda kusingetokea lolote, lakini tusibahatishe."

"Ninapo," Orlin akasema. Akaaga kwa adabu. Akakata simu.

"Kaka, ilikuwa lefse. Niliogopa kulazwa na homa. Nikasema Alhamisi, na Alhamisi..."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza, zote? Hukusema hapana."

"Sikusema."

Alimsubiri apige meza. Hakupiga. Aliinuka akaenda chumbani, na Ardell akasikia mkoba ukishushwa kabatini. Alitaka kwenda kumkunjia mashati, kisha akakumbuka kwamba la kufanya sasa ni kukaa mbali, kwa kuwa kazi pekee aliyopewa, ya kuchanjwa, ilimshinda.

Mlangoni, kofia kichwani, Orlin alisema, "Mimi nilikusifu mbele ya watu. Sifa ile sasa iko midomoni mwao. Sijui utaitoaje, lakini mimi siitoi kwa niaba yako."

Saa nane mchana Ardell alikuwa kwenye kiti cha Pahoua, bega nje. Binti wa watu hakumkumbusha lolote; alisema tu, "Karibu tena." Na kama mji mdogo unavyopenda, LaVonne akatokea na kigari chake upande wa maziwa.

"Jamani! Umesahau umechomwa? Au unakusanya?"

"Sikuchomwa ile siku, LaVonne. Nilichomwa moja. Nilitaka nisukume mimi, usisukume wewe."

LaVonne alisimamisha kigari chake. Mikate upande mmoja, maziwa upande mmoja, na mzee mmoja aliyekuwa akichagua jibini akawa hachagui tena.

"Oh," LaVonne akasema. Kisha, "Basi na Orlin je?"

"Yuko kwa Milo."

"Oh," akasema tena, akasukuma kigari chake. Ardell angependa zaidi atukanwe.

Homa ilimpata usiku huo, siku moja, ikaisha Jumatano asubuhi. Aliilala yote bila kumeza kidonge, ingawa hakuna aliyemwambia asimeze.

Milo Sather hajui kupika kitu kisichotoka kwenye kopo. Kwa hiyo kila adhuhuri Ardell alipika chungu cha viazi na nyama, akakifunga kwa taulo, akakiweka kwenye ngazi ya mlango wa Milo, akabisha, akarudi garini. Siku nane za kwanza aliona mkono tu ukitoka kuchukua. Mkono wa Milo.

Siku ya kumi tangu Orlin aondoke, Alhamisi, kabla hajageuka, pazia lilivutwa na Orlin akasimama nyuma ya kioo. Dawa ilikuwa imemkausha mashavu.

"Chungu kinafika kikiwa cha moto," akasema kupitia kioo. "Milo anakula nusu."

"Nitaongeza."

"Usiongeze. Ananenepa." Alivuta pumzi. "Anakoroma pia. Nataka kurudi Jumatatu."

"Rudi, kaka. Wiki mbili zitakuwa zimetimia siku hiyohiyo."

"Una hakika?"

Katika miaka yao yote Orlin hakuwahi kumuuliza hivyo. Ardell alivua glavu, akafungua mkoba, akatoa kikaratasi alichopewa na Pahoua baada ya sindano ya pili, chenye tarehe na sahihi, akakibandika kwenye kioo kwa kiganja, huku baridi ikimng'ata vidole. Orlin alipapasa mfuko wa shati, akatoa miwani, akaivaa. Kisha akainama karibu na kioo, akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akaendelea kushuka polepole, na Ardell akakishikilia kikaratasi mpaka alipomaliza.