Tambara la Bi Mwatum

Ukiingia jikoni kwa Bi Mwatum, Kiembe Samaki, utavua viatu bila kuambiwa. Sakafu inang'ara, masufuria yamejipanga kama askari wa gwaride, na nzi ukimwona humo ujue kapotea njia. Huyu ni mama yangu mkubwa. Mtaani kwetu mwanamke akijifungua, yeye ndiye huitwa kumpikia.

Kasoro yake ilikuwa moja: tambara. Kipande cha kanga kuukuu, siku zote kimelala pembeni mwa karo, kibichi, kinateleza kama pweza. Kinafuta kibao alichokatia kuku, kinasuuzwa kwa maji ya bomba, kinafuta meza. Vyombo vyetu sisi hujikaukia wenyewe juani kwenye kichanja. Bakuli la mzazi aliyejifungua ndilo hufutwa kwa tambara lile mpaka ling'are, kwa mapenzi.

Nliwahi kumwambia, "Mama Mkubwa, hilo tambara lina wakaazi wengi kuliko soko la Darajani." Alicheka, nikacheka, nikala, nikaenda zangu. Na mimi ndiye niliyesoma afya ya mazingira, hata kama diploma yenyewe niliikimbia nusu ya njia.

Kisha mwanawe wa pekee, Salhiya, akajifungua. Kila siku kuku wa kienyeji, supu, pilipili manga. Siku ya kumi na mbili, asubuhi, Salhiya akaanza kuharisha na kutapika. Ilipofika adhuhuri macho yameingia ndani, midomo imekauka, mtoto analia kifuani mwake naye hana nguvu ya kumshika. Tukamkimbiza hospitali.

Daktari Nadra, msichana wa makamo yangu, akauliza, "Kala nini?"

"Supu tu, mwanangu," Bi Mwatum akajibu. "Imechemka mpaka kuku kaachia mifupa."

"Na nyinyi mlikunywa?"

"Sote. Wazima."

Daktari akatundika dripu ya pili. Hakusema kwamba mgonjwa atapona.

Tulikaa kwenye benchi. Bi Mwatum alikuwa akiitazama mikono yake kama ya mtu mwengine.

"Khatib."

"Naam."

"Wewe ulisomasoma. Sufuria moja, supu moja. Sisi wazima, yeye yuko vile. Ni mikono yangu?"

Mdomo wangu haujawahi kukosa mzaha, lakini siku ile nikamjibu kweli.

"Si mikono, Mama Mkubwa. Nadhani ni tambara. Supu ilichemka, bakuli halikuchemka. Vijidudu vya kuku mbichi vimetoka kwenye kibao, vikaingia tambarani, vikaingia bakulini."

"Lile nnalisuuza kila siku!"

"Kusuuza hakuviui. Halikauki, vinazaana humo humo."

Akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. "Basi nimemlisha sumu mwanangu kwa mikono hii hii." Kisha akanigeukia. "Na wewe ulijua?"

"Nlikutania."

Akanipa mgongo. Bora angenipiga kofi.

Siku ya tatu hospitalini Salhiya alifumbua macho, akasema anataka supu ya mama. Bi Mwatum akarudi nyuma hatua mbili. "Mpikieni nyinyi."

"Hataki yetu," nikamwambia.

Nikaenda naye nyumbani. Tambara alilishika kwa kijiti, akalitia motoni. Kibao cha kuku akakisugua kwa sabuni, akakimwagia maji yanayochemka, kisha akaenda kununua chengine cha vitunguu na ndimu. Brashi ya kusugulia nayo akaichemsha, akaianika. Bakuli aliliosha, akalimwagia maji ya moto, akaliinamisha juani bila kuligusa kwa kitambaa. Lilipokauka, akaliosha tena.

"Yatosha, Mama Mkubwa."

"Nyamaza. Mzaha wako nshaulipia."

Akapika, tukarudi hospitali. Salhiya alikunywa nusu bakuli, polepole. Mama yake kasimama ukutani, mikono kaificha ndani ya kanga.

"Mama, si ukae?"

"Kunywa."

Alipomaliza, Bi Mwatum akamuuliza daktari zipite saa ngapi ndipo ajue kama supu ni salama. Daktari akamwambia yaweza kuwa kesho, yaweza kuwa keshokutwa.

"Haya," alisema, na kiti nilichomsogezea hakukitazama. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Salhiya akajigeuza kidogo kitandani, akashika tumbo, na Bi Mwatum akafika kwake kabla yetu sote.

"Nini, mwanangu? Nini?"

"Nnajinyoosha tu, mama."

Akarudi ukutani, akaendelea kusimama.